Nyanya za Kinyaga: Habari za Rutuba na Riziki Kando ya Mto Rusizi

Pale ambapo maji ya Ziwa Kivu hupata mlango wa kutokea, yakashika njia ya kusini kuelekea Ziwa Tanganyika, ndipo ilipo nchi ambayo wazee waliiita Kinyaga, ambayo serikali za Wazungu ziliijua kwa jina la kituo chake, Cyangugu, na ambayo sehemu yake ya kusini tangu mpango wa utawala wa mwaka 2006 huitwa wilaya ya Rusizi, katika Jimbo la Magharibi la Rwanda. Ziwa liko katika kimo cha mita 1460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mto hutoka humo kwa nguvu, ukapasua magenge na makorongo, na hata ufikapo uwanda wa Bugarama umekwisha kuteremka karibu mita 500, kwani uwanda huo ndio mahali pa chini kuliko pote katika Rwanda. Kwa sababu hiyo msafiri aweza kuondoka alfajiri katika baridi ya ukingo wa msitu wa Nyungwe, akapita mashamba ya chai ya Shagasha, akafika katika joto la mashamba ya mpunga yanyweshwayo na mto Rubyiro, na ikawa amepita tabia mbalimbali za hewa bila kutoka katika wilaya moja. Ng'ambo ya mto ni Kongo, na juu ya rasi zake tano zilizoingia ziwani umekaa mji wa Bukavu, ambao wakazi wake hula kila siku mboga na nafaka zilizolimwa na mikono ya watu wengine.

Nchi ya namna hii, yenye jua na maji na udongo, na yenye soko la mji mkubwa mlangoni mwake, ingelitazamiwa kuwa nchi ya wakulima wenye shibe na akiba. Lakini kwa muda mrefu wa historia yake mkulima mdogo wa Kinyaga alilima sana akabakiwa na kidogo. Nataka kuieleza sababu ya jambo hilo kwa kufuata habari za zao moja, nalo ni nyanya, na hasa nyanya inayolimwa kwa mboji na samadi bila dawa za viwandani. Hoja yangu ni kwamba riziki ya mkulima mdogo haipimwi kwa wingi wa mavuno peke yake. Hupimwa kwa kujua ni nani aliye mwenye rutuba inayoyalisha mavuno hayo. Katika kila zama ambazo rutuba ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, awe bwana wa ng'ombe, au serikali, au muuza dawa, faida ilimfuata mwenye rutuba; na kila ilipokaribia kurudi uani mwa mkulima, faida nayo ilirudi pamoja nayo.

Nyanya si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako jamaa zake wa porini huota hata leo. Watu wa Mexico ndio walioilea ikawa tunda kubwa la chakula, na Wahispania waliivusha bahari katika karne ya 16. Mwaka 1544 tabibu wa Kiitalia, Pietro Andrea Mattioli, aliitaja katika maandiko yake juu ya mimea, na kwa muda mrefu baada ya hapo watu wengi wa Ulaya waliiogopa, kwa kuwa ni ya ukoo wa mimea ambayo baadhi yake ni sumu. Ukoo huo ndio wa viazi mviringo, pilipili na bilingani, na ndio pia wa nyanya chungu, ambazo Wanyarwanda huziita intoryi na ambazo Afrika ilikuwa nazo tangu kale. Basi mgeni huyu alipofika hakukuta jiko la ugenini. Lakini ukoo ule ule uliomrahisishia mapokezi ulikuwa pia, kama tutakavyoona, ndio uliomwandalia maradhi.

Kabla ya nyanya kuja, Kinyaga ilikuwa na maarifa yake ya kulisha ardhi. Nyumba ilijengwa katikati ya migomba, na kila kilichotoka jikoni, yaani majivu, maganda, takataka za kufagia na kinyesi cha mbuzi na ng'ombe, kilitupwa kwenye mashina ya karibu, hata udongo wa uani ukawa mweusi na mzito ilhali udongo wa mbali ulikuwa mwekundu na mwepesi. Maharagwe yalipandwa pamoja na mtama, shamba lililochoka liliachwa lipumzike, na magugu yalifukiwa chini ya matuta ya viazi vitamu yakaoza humo humo. Hakuna aliyeyaandika maarifa hayo. Mama alimrithisha binti yake kwa kumwonyesha, na ubora wake ulijulikana kwa ukubwa wa mkungu wa ndizi.

Lakini msingi wa maarifa hayo yote ulikuwa ng'ombe, na ng'ombe hakuwa wa kila mtu. Katika zama za Mwami Kigeri Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, mkono wa ufalme ulizidi kuingia Kinyaga, na pamoja nao ukaenea utaratibu wa ubuhake, ambao kwao mtu mnyonge alipewa ng'ombe na mtu mwenye nguvu, akapata maziwa yake na samadi yake, na badala yake akalazimika kumtumikia mwenye mali na kumtii, huku akijua kwamba siku atakapomkosea mnyama aweza kuondolewa zizini. Hali kadhalika ilienea shokoa iitwayo uburetwa, iliyochukua siku za mtu za kulima ikazipeleka katika shamba la mtawala. Kwa hiyo mambo mawili yanayohitajiwa na bustani kuliko yote, yaani samadi na siku za kazi, yote mawili yalikuwa yamefungwa katika radhi ya mtu mwingine. Bustani nzuri haiwezi kudumu juu ya msingi wa namna hiyo, kwa maana mboji ni akiba ya miaka mingi, na hakuna mwenye akili awekaye akiba yake katika nyumba ambayo aweza kufukuzwa kesho.

Pamoja na hayo, tijara haikuwa ngeni kwa watu wa pwani hii ya ziwa. Kabla ya mpaka wowote kuchorwa, mitumbwi ilikwenda na kurudi baina ya Kinyaga, kisiwa cha Ijwi na nchi ya Bushi iliyo ng'ambo ya ziwa, ikichukua chakula, mifugo na bangili za nyuzi zilizoitwa butega, ambazo zilitumiwa kama fedha pande zote za ziwa. Upande wa kusini kulikuwa na biashara ya Ujiji na Uvira, iliyoshikwa na Waungwana wa pwani. Na mwezi wa Novemba 1871 ndipo Livingstone na Stanley walipopanda chombo kutoka Ujiji wakaenda kaskazini mwa Tanganyika, wakathibitisha kwamba Rusizi huingia katika ziwa hilo, haitoki humo. Baadaye, amani ya kikoloni ilipoyafungua mabonde, wafanyabiashara Waislamu walikwea kutoka Usumbura wakakaa Bugarama na Kamembe, na pamoja nao kikaja Kiswahili, ambacho hata leo ndicho lugha ya kupatana bei kuanzia Bugarama hata masoko ya Bukavu.

Zama za Wazungu zilianza kwa vita na zikaendelea kwa bustani. Mwaka 1896 jeshi la Rwanda lilivunjwa nguvu huko Shangi, katika Kinyaga, na askari wa dola ya Kongo waliokuwa chini ya Wabelgiji. Miaka miwili baadaye Wajerumani wakaweka kituo chao mahali hapo hapo, na mwaka 1899 daktari Richard Kandt, aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nili katika msitu wa Nyungwe, akajenga makazi yake karibu na ufuko wa Kivu. Mwishoni mwa mwaka 1903 Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Mibirizi, katika vilima vya Kinyaga. Misheni hiyo imeingia katika historia ya kilimo cha ulimwengu kwa sababu ya kahawa, kwani miche iliyotoka Guatemala na kupandwa hapo mnamo 1910 ilizaa aina ya kahawa ambayo hata leo wataalamu huiita Mibirizi. Mboga za Ulaya nazo, karoti, kabeji, vitunguu na nyanya, zilizoeleka katika nchi za Maziwa Makuu kwa kupitia bustani kama hizo za mapadri na za watumishi wa serikali, ambamo vijana waliokuja kufundishwa katekisimu walishika pia jembe na kumwagilia vitalu, wakarudi kwao wakiwa na mbegu na wakiwa wameona jinsi zinavyooteshwa.

Katika mwaka huo huo wa 1910 mkataba wa Brussels uliufanya mto Rusizi kuwa mpaka baina ya himaya ya Wajerumani na Kongo ya Wabelgiji, na soko lililokuwa moja likawa masoko mawili yenye mlinzi katikati. Mpaka huo haukufutika hata Wabelgiji walipoitwaa Rwanda mwaka 1916. Ng'ambo ya pili ukaota mji wa Costermansville, ambao katika miaka ya 1950 ulirudishiwa jina lake la Bukavu, nao ukawa mji mkuu wa Kivu. Na baada ya kuundwa Kamati ya Taifa ya Kivu mwaka 1928, walowezi wakapewa ardhi kubwa ya mashamba. Mji wa watumishi na walowezi ulihitaji maziwa, maharagwe na mboga, na Kinyaga ilikuwa jirani yake wa karibu kuliko wote. Watu wengi wa Kinyaga walivuka kwenda kutafuta ujira huko, wengine wakikimbia shokoa ya nyumbani, na wengine wakavuka na vikapu.

Lakini wakati ule ule ambapo soko lilikuwa likifunguka, mkulima hakuwa na hiari ya kuchagua atakacholima. Baada ya njaa kubwa, ile ya Rumanura ya 1916 hadi 1918 na ile ya Rwakayihura ya 1928 na 1929, serikali ilishikilia amri ya kulima muhogo na viazi vitamu kwa kipimo, na kuanzia mwaka 1931 ikaeneza kahawa kwa nguvu katika kila kilima. Nia ya kuzuia njaa ilikuwa njema, na sitaki kuidharau. Lakini insafu yataka tuseme pia kile ambacho amri zile zilikichukua. Kahawa ilitakiwa itandazwe nyasi na majani makavu chini yake, na mwenye kukosa kutandaza aliadhibiwa; basi majani ya migomba na nyasi za vilimani, ambazo zamani ziliulisha udongo wa chakula, zikahamishwa zikaulisha udongo wa zao la kuuza nje, ambalo bei yake ilipangwa mbali na mkulima. Njaa ya Ruzagayura ilipokuja mwaka 1943 na 1944 iliikuta nchi yenye mibuni iliyotandazwa vizuri na ghala zisizo na kitu. Mifereji ya kuzuia mmomonyoko iitwayo imirwanyasuri, iliyochimbwa kwa amri katika zama hizo, ilichukiwa kwa sababu ya mijeledi iliyoandamana nayo. Faida yake kwa ardhi ilikuja kutambuliwa na watoto na wajukuu wa waliochapwa.

Mwongo wa mwaka 1950 ulileta mageuzi matatu yaliyoigusa bustani kwa namna ambayo hakuna aliyeikusudia. Mwaka 1954 Mwami Mutara Rudahigwa aliukomesha ubuhake, ng'ombe wakagawanywa baina ya mabwana na waliowatunza, na kwa mara ya kwanza samadi ya nyumba nyingi ikawa mali ya nyumba hizo. Mwishoni mwa mwongo huo bwawa la kwanza la umeme lilijengwa juu ya Rusizi, na Bukavu ikazidi kukua. Na karibu mwaka 1959 samaki wadogo waitwao sambaza walitolewa Tanganyika wakapandikizwa katika Kivu, ziwa ambalo samaki wake walikuwa haba. Wakaongezeka kwa kiasi kwamba leo hakuna jiko la Cyangugu wala la Bukavu lisilowajua. Sambaza hawapikwi bila nyanya, na wali wa Bugarama hauliwi mkavu. Hivyo zao lililokuwa la bustani ya padri likawa hitaji la kila siku la maskini na tajiri, na soko lake likawa halina msimu.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, na hasa baada ya Rwanda, Burundi na Zaire kuunda Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu huko Gisenyi mwaka 1976, uchukuzi wa kuvuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu ulizidi kuwa desturi. Aghalabu waliobeba walikuwa wanawake, na hata leo ni wao, wenye beseni kichwani na mtoto mgongoni, wakiondoka Kamembe mapema ili wawahi soko la ng'ambo na kurudi na unga au kitenge. Wakulima waligundua kwamba nyanya hustawi vizuri katika mabonde ya majimaji wakati wa kiangazi kirefu, impeshyi, tangu Juni mpaka Agosti, ambapo jua ni kali na maji ya kumwagilia yako karibu. Aina kama Roma, yenye ganda gumu, ikapendwa kwa sababu huvumilia safari. Mche hukaa kitaluni wiki nne hivi, na baada ya kupandikizwa hauchukui miezi mitatu kabla ya matunda ya kwanza kuiva. Ni machache mazao ya kilimani yanayogeuka fedha kwa upesi kama huo, na ndiyo sababu mjane mwenye ari mbili za ardhi, yaani mita za mraba mia mbili, aliweza kwa nyanya kulipa ada ya shule ambayo kwa muhogo asingaliilipa.

Hapo ndipo ule ukoo nilioutaja ulipodai deni lake. Ugonjwa wa baka, ambao wenyeji huuita milidiyu, ndio ule ule ulioangamiza viazi vya Ireland mwaka 1845. Hupenda ubaridi na umande, na katika mvua za masika, itumba, waweza kuliunguza shamba zima kwa muda wa siku chache. Mnyauko uitwao kirabiranya hukaa udongoni miaka mingi na hauna dawa ya kuuponya. Na karibu mwaka 2015 akaongezeka nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini, Tuta absoluta, aliyeingia Uhispania mwaka 2006, akavuka Afrika ya Kaskazini, akafika Kenya na Tanzania mnamo 2014, ambako wakulima walimpa jina la kantangaze. Kiwavi wake huchimba jani na tunda kwa ndani, mahali ambapo dawa ya kunyunyiza haimfikii kwa urahisi.

Jawabu lililouzwa madukani lilikuwa chupa na mfuko wa unga. Mkulima alinunua dawa ya mankozebu, akanyunyiza kila wiki, na mvua ilipozidi akanyunyiza zaidi. Alikopa ili anunue mbegu, akakopa tena ili anunue mbolea ya chumvichumvi, akakopa mara ya tatu ili anunue dawa ya wadudu, na aghalabu alinyunyiza bila barakoa wala viatu, siku chache kabla ya kuchuma. Mavuno yakawa makubwa, lakini wakulima wote wa bonde walivuna katika wiki zile zile za kiangazi, bei ikaanguka, na fedha iliyopatikana ikapita mkononi mwake ikirudi dukani. Wadudu nao walizoea sumu, na maadui zao wa asili, buibui na nyigu, walikufa kwa wingi kuliko wao. Maji ya mabonde hayo huteremka Rusizi hata Tanganyika, ziwa ambamo mamilioni ya watu huteka maji ya kunywa na kuvua samaki. Basi hasara haikukoma kwenye mpaka wa shamba. Mwishoni mwa mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliacha kuiidhinisha mankozebu kwa kuhofia madhara yake kwa afya ya binadamu, na jambo hilo peke yake latosha kutufundisha hadhari.

Rejeo la samadi halikuanza Ulaya, ijapokuwa vitabu vya Ulaya vimelitangaza. Mwingereza Albert Howard, ambaye mara nyingi huitwa baba wa kilimo hai, alikaa India tangu 1905 hadi 1931, na huko Indore akaunda utaratibu wake wa kutengeneza mboji kwa kuwatazama wakulima wa nchi ile. Kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1940 ni shahada ya kile alichojifunza kwao. Katika Afrika Mashariki jambo hili lilipata sheria zake mwaka 2007, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokubali kanuni moja ya mazao ya kilimo hai na alama yake ya Kilimohai, mwaka ule ule ambao Rwanda iliingia katika jumuiya hiyo, na ambao chama cha Rwanda cha kuendeleza kilimo hai, ROAM, kiliundwa. Kanuni hiyo iliruhusu wakulima wadogo wakaguane wenyewe kwa vikundi, pasipo kulipa gharama ya mkaguzi wa kigeni, na ruhusa hiyo ni insafu kubwa kwa mtu mwenye shamba lisilofika nusu hekta.

Lakini kanuni ya karatasi isingefaa kitu lau misingi mitatu isingalikuwa imekwisha kuwekwa katika Rwanda yenyewe, baada ya msiba wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambayo yaliiacha Cyangugu na makaburi, mashamba yasiyo na wenyewe na wajane wengi. Msingi wa kwanza ni haki ya ardhi: sheria ya urithi ya 1999 ilimpa binti fungu sawa na kaka yake, na uandikishaji wa ardhi ulioenea nchi nzima baada ya 2009 ukamwekea hati mkononi. Msingi wa pili ni ng'ombe: mpango wa Girinka, ulioanzishwa mwaka 2006, ulimpa mnyama mtu aliye fukara kwa sharti la kumpa jirani ndama jike wa kwanza, na deni la hisani ya bwana likageuka kuwa udugu wa majirani. Msingi wa tatu ni ushirika, uliowekewa sheria yake mwaka 2007, ambao kwao wakulima waweza kupanga nani apande lini, ili wasivune wote wiki moja. Mwenye kuilinganisha misingi hii na habari za ubuhake na shokoa ataona kwamba kila mmoja waziba pengo moja la zamani.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Ari moja ya ardhi, iliyopandwa kwa nafasi ya sentimeta 60 kwa 50, huchukua miche mia tatu na thelathini hivi, na kwa kipimo cha kawaida cha tani 20 za samadi kwa hekta huhitaji kilo 200. Ng'ombe mmoja afugwaye zizini hutoa tani kadhaa kwa mwaka, basi mwenye ng'ombe mmoja aweza kuilisha bustani yake ya nyanya na bado akabakiwa na samadi ya migomba. Samadi hailetwi mbichi. Huchanganywa na majani, majivu na alizeti pori ikatwayo kando ya njia, ikageuzwa na kumwagiwa maji mara kwa mara, na baada ya miezi mitatu hivi huwa mboji nyeusi isiyonuka. Mche hufungwa kwenye kijiti, matawi ya pembeni hupogolewa ili upepo upite na majani yakauke, udongo hutandazwa nyasi ili tone la mvua lisirushe vimelea juu ya jani, na maji humiminwa shinani. Shamba lililozaa nyanya halirudishiwi nyanya, wala viazi, wala pilipili, wala intoryi. Hupandwa mahindi au maharagwe misimu kadhaa, kwa maana kirabiranya hupungua nguvu kikikosa ukoo wake. Dhidi ya wadudu hutumiwa maji ya majani ya mwarobaini na ya utupa, na pareto, ua ambalo Rwanda yenyewe hulilima kwenye miteremko ya volkano za kaskazini. Hata dawa hizi hutumiwa kwa kiasi, kwani utupa huua samaki na haufai kuoshewa mtoni. Dhidi ya kantangaze, jani lililochimbwa huchumwa likafukiwa au kuchomwa, na mitego yenye harufu ya nondo jike huwekwa juu ya beseni la maji.

Mwenye kusema kwamba njia hii ni nyepesi anawadanganya wakulima. Mvua ya itumba ikikaza, bustani ya mboji nayo huugua, na kwa sababu hiyo wenye busara hupanda kidogo katika majira hayo, au huifunika miche kwa paa la nailoni, wakitarajia bei nzuri ya wakati wa uhaba. Kazi ya mikono huzidi, nayo aghalabu humwangukia mwanamke ambaye kazi zake zilikuwa nyingi tangu mwanzo; na katika misimu ya kwanza, udongo uliozoea chumvi za dukani hutoa mavuno machache kabla haujarudia nguvu zake. Fauka ya hayo, mpaka ni mpaka: ulipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, wachuuzi wa Kamembe walitengwa na wanunuzi wao wa Bukavu, na nyanya haingoji. Wala Bukavu hainunui bado nyanya hai kwa bei ya juu kuliko nyingine. Faida ya mkulima haitoki katika bei, hutoka katika fedha ambayo hakuitoa.

Na hilo ndilo neno ambalo historia ya Kinyaga yatufundisha. Mtu avunaye kikapu kimoja akabaki na thamani yake yote ni tajiri kuliko avunaye vikapu vitatu akadaiwa vinne. Mkulima wa nyanya katika Rusizi leo ana hati ya ardhi, na wengi wana ng'ombe. Maarifa ya bibi zao yangali katika migomba ya uani, na wataalamu wa kilimo wameongeza juu yake elimu ya vimelea na wadudu, ambayo bibi hakuwa nayo na ambayo haipasi kudharauliwa. Basi serikali iliyogharimia mbolea ya dukani ipunguziwe bei, tangu mpango wa kuongeza mavuno wa mwaka 2007, na igharimie pia mafunzo ya mboji, mbegu zinazostahimili kirabiranya na vyumba vya baridi vya kuhifadhia karibu na madaraja. Vyama vya ushirika navyo vipange kalenda za kupanda kwa uaminifu, na visiwaache wanawake wavuke mpaka mmoja mmoja bila bei iliyokubaliwa. Hayo yakitendeka, rutuba itakuwa ya mkulima mwenyewe kikamilifu kwa mara ya kwanza tangu zama za Rwabugiri, na mtoto wa Kinyaga atakayeirithi bustani hatakuwa amerithi deni.